Swali Baada ya Ugali

Siku ya kuniaga mlinitaka niseme machache. Nilisema asante nikakaa, kwa sababu soda zilikuwa zinapata joto na mkuu wetu alikuwa na safari ya Inyonga. Mkapiga makofi kwa nguvu, nadhani kwa kuufurahia ufupi wa hotuba. Lakini tulipotoka nje, Editha wa masijala alinishika mkono akaniuliza, "Babu, ni kweli wanavyosema, kwamba zamani uliajiriwa kutazama maji tu?"

Ni kweli, Editha. Na kwa kuwa sasa asubuhi zangu hazina kazi, nitakueleza wewe na wenzako jinsi maji yanavyotazamwa.

Nyie mnanijua kama mzee wa dagaa, yule anayezunguka soko la Kashaulili akifungua magunia, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ananusa, anasema "hawa wamelowa njiani", na mwenye gunia anaapa kwa jina la mama yake. Kazi hiyo siilalamikii, ingawa mke wangu alikuwa na maoni yake kuhusu mashati yangu. Lakini sikuanzia hapa mjini. Nilianzia Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Karema, miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga. Tulikuwa na kambi ya nyumba za nyasi na ghala moja la bati. Mbele yake, ndani ya maji, kilikaa kisiwa cha mawe matupu ambacho wenyeji walikiita Kisiwa cha Pimbi. Kilikuwa kidogo. Ukikizunguka kwa mtumbwi unarudi ugali haujaiva.

Kambi ilikamata samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe, wakiwa hai. Wengine wana milia ya njano na nyeusi kama nyuki, wengine wana mapezi ya rangi ya anga. Hakuna aliyewala. Waliwekwa kwenye mifuko ya maji, wakapandishwa meli hadi Kigoma, na kutoka huko wakaenda nchi za baridi ambako watu waliwafuga ndani ya masanduku ya kioo. Kijijini walitucheka sana kwa hilo. Samaki wa kutazamwa!

Samaki hao hawaji kwenye ndoano. Lazima mtu awafuate kwao. Anavaa miwani ya maji, anauma bomba la kupumulia, anavaa miguuni vile viatu vya mpira tulivyoviita miguu ya bata, kisha analala kifudifudi juu ya maji akitazama chini. Akimwona anayemtaka, anavuta pumzi na kumfuata kwenye mawe, wavu mdogo mkononi. Sasa fikirini: mtu aliyelala hivyo haoni kinachokuja. Haoni wingu wala wimbi, na masikio yake yamejaa maji. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajalowa, lazima mmoja aseme kama ziwa linafaa. Huyo tulimwita mpima ziwa, na mpima ziwa wetu alikuwa Veronika.

Nilifika pale juu ya lori, nimeumwa na ndorobo, wale mbung'o wa porini, mpaka shingo imevimba. Mimi ni Mkonongo wa pande za Inyonga, mtoto wa mrina asali. Maji niliyoyajua yalikuwa ya kisima. Niliposimama mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mara ya kwanza nikauliza, kwa nia njema kabisa, ng'ambo iko wapi. Mpiga mbizi wetu mkuu, Festo, Mfipa mwenye mabega kama mlango, akaniangalia kwa huruma.

"Ng'ambo ni Zaire, ndugu yangu. Ukiiona kutoka hapa, ujue una homa."

"Mwache," akasema mwanamke aliyekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anatafuna mhindi wa kuchoma. "Wewe umetoka wapi?"

"Inyonga."

"Ahaa. Wala asali." Akaendelea kutafuna. "Nyuki unawasogelea wakati gani, Asali?"

Nikamwambia inategemea. Lazima usikilize mzinga kwanza, uone upepo unatoka wapi, uangalie wanavyoingia na kutoka.

"Basi kazi unaijua," akasema. "Kilichobaki ni kubadilisha mzinga." Akanitupia gunzi. Tangu siku hiyo jina langu kambini likawa Asali, hata kwenye orodha ya zamu.

Mwanamke huyo ndiye Veronika, Mbende wa ufukwe uleule, amenizidi umri kidogo tu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee ili umsikie. Alinifundisha kama mtu anayemfundisha mwenzake njia ya kwenda nyumbani kwake. Alianza na kitambaa. Juu ya mti mrefu mwaloni alifunga kipande cha kitenge, akaniambia nisitazame kikipepea, nitazame kinapoacha kupepea. Upepo unaobadilika, alisema, hutulia kwanza kama mtu anayetafuta neno. Asubuhi huwa unatoka nchi kavu kwenda majini, jua likipanda unageuka. Msimu wa kiangazi upepo wa kusini huja na mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali, na hayo unaweza kuyakuta hata kama kitambaa kimelala.

Halafu sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, imetobolewa na kufungwa kamba yenye mafundo. Unaishusha majini ukiwa ndani ya mtumbwi, unahesabu mafundo mpaka weupe upotee. Ziwa Tanganyika likiwa zima, sahani inakwenda chini mpaka mkono unachoka. Ikipotea mapema, jiulize mto umeleta nini. Baada ya mvua, maji ya kahawia hutoka mtoni na kutambaa pwani, na mamba huja nayo, kwa sababu mamba, kama mkaguzi wa hesabu, anapenda kutoonekana. Sheria ya Veronika ilikuwa nyepesi: sahani isipofika fundo lenye uzi mwekundu, hakuna mtu kuingia, hata awe na haraka ya harusi.

Chombo kikuu kilikuwa magunzi. Tulikula mahindi, magunzi tukayakausha juani. Asubuhi tulikwenda mpaka Kisiwa cha Pimbi, tukadondosha machache kila upande wa kisiwa, kisha tukakaa kimya. Gunzi linaelea chini chini, halishikwi na upepo kama jani, kwa hiyo linakwenda maji yanakokwenda. Hapo unaona mkondo kwa macho: huku yanazunguka polepole, kule yanavutwa kati ya mawe mawili. Ungekuwa mtu, ungevutwa hivyohivyo. Mkiwa na mto au bwawa karibu na kwenu, jaribuni. Hakuna kifaa cha bei nafuu kuliko hicho, na kabla ya kukitumia unashiba.

Mkuu wa kambi, Ndugu Mhina, alikuwa mtu wa Tanga, mpole, msomi wa samaki, aliyeingia majini pamoja na vijana wake. Alizaliwa kando ya bahari, na mwili wake haukusahau. Wiki zake za kwanza, aliniambia mwenyewe huku akicheka, alipanga kazi kwa kungoja maji yapwe. Alingoja mpaka chai ikapoa. Vero akamletea kiti. "Ndugu Mhina, kaa vizuri, haya hayapwi. Yakipwa tutakuwa sote tumeshazikwa." Tangu hapo alimwachia yeye neno la asubuhi, na ndiye aliyeweka desturi ninayotaka kuwaeleza.

Desturi yenyewe ni hii. Mpima ziwa akishasema, hakuna kumwuliza kwa nini. Si pale mwaloni. Anasema "ingieni" au "leo hapana", watu wanatii, na maswali yanangoja mpaka baada ya chakula cha mchana. Swali baada ya ugali. Ndugu Mhina alisema mtu anayebishaniwa ukingoni hutetea maneno yake badala ya kutazama maji, na anayejua atabishaniwa huanza kusema yale wengine wanayotaka. Baada ya ugali, uliza mpaka uchoke. Vero alijibu kila kitu, anachora mikondo mezani kwa kidole kilicholowa mchuzi.

Nakumbuka asubuhi moja ya mawimbi mabaya, mapovu meupe kila mahali. Festo alikuwa ameshalala tena. Vero akaenda na magunzi yake, akarudi, akasema, "Ingieni, upande wa machweo." Nilidhani amechoka na maisha yetu. Tulipozunguka kisiwa nikaona upande ule umetulia kama maji ya karai, mawe yamekinga kila kitu. Siku hiyo ndiyo aliyonivalisha miwani yake na kunisukuma majini.

Sijui nielezeje, Editha. Nilikuwa nimeelea juu ya ziwa siku zote hizo na sikujua chini kuna kijiji. Samaki wana milango yao, wana ugomvi wa mipaka, mmoja anafagia mchanga mbele ya pango lake kwa mdomo, anatema, anarudi kufagia. Jua linashuka kama nyuzi. Pumzi yangu niliisikia kwenye bomba kama ya mtu mwingine aliyelala salama. Nilipoinua kichwa, Vero alikuwa juu ya jiwe, hatazami samaki wala hanitazami mimi. Anatazama maji yaliyo nyuma yangu. Nimetunzwa na watu wengi maishani, lakini sijawahi kujiona nimetunzwa hivyo.

Mtaniuliza kama nilimpenda. Swali baada ya ugali.

Vero hakutaka kufa mpima ziwa. Vijiji vya pwani ile havikuwa na mkunga aliyesomea. Mwanamke akipata uchungu mgumu aliwekwa kwenye mtumbwi, na mara nyingi watu walikuja kwanza kwa Vero, kumwuliza kama ziwa linapitika. Alipoulizwa hivyo usiku, asubuhi alikuwa hasemi na mtu. Aliniambia siku moja tukianika magunzi, "Nimechoka kuwa yule anayesema mtumbwi uondoke. Nataka niwe yule anayeupokea." Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wakunga, mbali, unapanda meli hadi Kigoma halafu treni. Ndugu Mhina hakumzuia. Alimwomba kitu kimoja tu: asiondoke kabla hajaacha mtu ambaye neno lake linaweza kuwapeleka watu majini. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mmeona ilivyokaa? Kila nilichojifunza kilimsogeza kwenye meli. Na chuo kilikuwa kimesema kinamngoja kwa meli inayopita mwisho wa mwezi ule, si kwa itakayofuata.

Kwa kawaida meli haikufika ufukweni kwetu. Ilisimama mbali, ikapiga honi, na boti zikaifuata. Siku moja kabla ya meli ya Vero kupita, Ndugu Mhina alituita mwaloni. Mifuko ilikuwa tupu nusu. Wanunuzi walikuwa wanangoja samaki wa milia ya njano, na ilikuwa lazima wakamatwe asubuhi ileile. Akanigeukia. "Leo mwanangu, neno ni lako. Vero atakaa mtumbwini tu. Ukilisema mwenyewe, kesho anasafiri. Ukiona bado, si aibu, sema bado."

Ziwa lilikuwa zuri ajabu. Limetandikwa kama shuka jipya, kitambaa hakitikisiki, mawingu yote yamo ndani ya maji. Hata mtoto mdogo angeruhusu watu waingie. Nikashusha sahani, ikapita fundo la uzi mwekundu, ikaendelea. Nikadondosha magunzi.

Yale ya upande wa pwani yalizunguka kama kawaida. Yale ya upande wa kina yalisimama. Yalisimama muda mrefu, kisha, bila upepo hata wa kupuliza majivu, yakaanza kuondoka. Si kuelekea kisiwani, wala kufuata pwani. Yalikwenda moja kwa moja nje, kwenye kina, yamepangana kama watoto wanaokwenda komunio. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo. Nikaingiza mkono kwenye maji ya juu, nikayakuta vuguvugu. Nikauzamisha mpaka begani, baridi yake ikanifikia mfupani.

Nilimtazama Vero. Alikuwa anatafuna mhindi, anaangalia pimbi waliokuwa wanaota jua.

Neno "sijui" lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa neno la heshima, na sehemu yake kubwa ilikuwa kweli. Ningelisema, Ndugu Mhina angemgeukia Vero, Vero angeamua, watu wangekuwa salama, na kesho meli ingepita bila yeye. Angekaa msimu mwingine, pengine miaka. Hakuna ambaye angenilaumu. Nililitafuna neno hilo mpaka tukafika mwaloni.

"Leo hapana," nikasema.

Festo alikuwa ameshavaa miguu ya bata. "Hapana nini? Asali, umeona nyuki majini?"

"Leo hapana."

"Jamani, ziwa limelala kama bibi harusi, huyu anasema hapana! Dada Vero, sema kitu."

Ndugu Mhina naye akamtazama. Hakuuliza, ila macho yaliuliza. Vero akashuka mtumbwini, akajifunga kitenge vizuri. "Msinitazame mimi," akasema. "Mmesikia." Akapanda kwenda jikoni kusonga ugali.

Nikakaa mwaloni asubuhi nzima nikiomba ziwa lichafuke. Ndiyo, niliomba. Wimbi moja tu la kunitetea. Halikuja. Jua lilipanda, kitambaa kikapepea kidogo kikalala. Wavuvi wawili wakapita mbali wanaimba. Mifuko ilibaki nusu. Ziwa lilikaa zuri siku nzima kana kwamba lina ugomvi na mimi binafsi.

Baada ya ugali nilieleza yote, magunzi, baridi, mpangilio ule. Ndugu Mhina alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Basi watapata pungufu." Festo alisema mtu akivutwa na maji mazuri vile angefika Zaire bila hati ya kusafiria, na tukacheka. Kumbe hakuna aliyekasirika, ila mimi nilikuwa nimevunjika moyo. Nilitaka kujua kama nimekosea. Nikamfuata Vero nje, nikamkuta anafunga sanduku lake kwa kamba ya sahani ya zamani.

"Unafunga nini? Ziwa lilikuwa shwari, Vero. Sijathibitisha lolote."

"'Hapana' iliyo nzuri haithibitishwi, Asali. Mtu hakufa, basi. Utaonyesha nini?" Akakaza fundo. "Mimi nilikuwa sitazami ziwa. Nilikuwa nakutazama wewe, kama utaniita."

Kumbe alijua. Alilijua neno lililokuwa mdomoni mwangu na alijua kwa nini.

Kesho yake meli ilipiga honi jua likiwa juu. Boti ya kambi ikasogezwa, mifuko ya samaki ikapakiwa, sanduku likapakiwa. Kisha wote wakanigeukia, hata Vero, kwa sababu hakuna boti iliyoondoka bila mpima ziwa. Nikaenda na magunzi yangu mpaka kisiwani, nikayadondosha, nikakaa. Yalizunguka polepole, yakarudi ubavuni mwa mtumbwi. Sijawahi kuyachukia magunzi kama siku ile. Nikarudi nikasema, "Ingieni."

Aliingia. Nilisukuma boti kwa bega. Ilipoanza kuelea nikavunja desturi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nikauliza mwaloni: "Jana, ungekuwa wewe, ungewaruhusu?"

Alicheka, akaweka kiganja machoni kukinga jua. "Swali baada ya ugali!" akapaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti. Makasia yakafanya kazi yake.

Nilipima ziwa mpaka kambi ilipofungwa, kabla miaka ya sabini haijaisha. Katika miaka hiyo hatukumzika mpiga mbizi hata mmoja, na siwezi kuwaonyesha hata siku moja kama ushahidi. Halafu nikaletwa hapa Mpanda, kwenye magunia. Nilioa mwanamke mwema, tukalea watoto. Habari za Vero zilinifikia kwa abiria wa mabasi: kwamba ni mkunga huko Mpimbwe, kwamba ni mkali, kwamba vijiji vile vimejaa wasichana wanaoitwa Veronika. Mwaka mmoja zikaacha kunifikia.

Kwa hiyo, Editha, nikuachie hili. Siku yako itakuja ya kusema hapana mbele ya ziwa zuri. Iwe ni gunia la mtu mkubwa, iwe ni nini, wenzako watakuwa wameshavaa viatu. Sema, kisha usiombe wimbi. Kaa tu.

Mimi nina baraza langu sasa, na kitambaa cha kitenge juu ya mti wa uani, ambacho majirani wanadhani ni cha kufukuzia ndege. Hapa hakuna ziwa la kupima. Mchana nikishakula, nikishanawa mikono, wajukuu wakitoa sahani, bado nageuka kidogo upande wa magharibi, liliko ziwa.

Ugali nimekwisha kula, Vero. Sasa nauliza.